Kidonge Tulichokiita Vitamini

Ugonjwa wa kichwa ndio uliotangulia, na ulinikuta Lubumbashi, mwaka wangu wa pili wa chuo. Nilikaa siku sita bila kulala na bila kuchoka. Niliwaandikia walimu barua za kuwasahihisha, nikagawa nguo zangu kwa wasichana wenzangu wa bweni, na siku ya saba, saa nne asubuhi, nikasimama katikati ya njia kuu nikiyaongoza magari. Kaka yangu alikuja na teksi, akanizungushia kitenge mikono ikiwa ndani, akanipeleka kwenye kituo cha wagonjwa wa akili.

Daktari wa pale alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Baada ya wiki tatu alimwita mama yangu, akamweleza kwamba ugonjwa wangu unaitwa bipoleri: mtu hupanda juu kupita kiasi, kisha huanguka chini kupita kiasi, na katikati anaishi kama watu wengine. Hauponi, alisema, ila unatunzwa. Akaniandikia karbamazepini, kidonge asubuhi na kingine jioni, bila kuruka siku. Kidonge kile kilinishika. Nalisema hili mapema kwa haki, maana baadaye nitakilalamikia.

Mama yangu ni mtu wa kaskazini mwa Katanga, mwanakwaya wa parokia, na hakulia hata siku moja mbele ya daktari. Tulipotoka getini alinishika mkono.

“Hii mambo itabakia mu nyumba,” akasema. “Bantu bakiuliza, sema ulikuwa na malaria ya kichwa.”

Nikasema hivyo. Nilisema hivyo miaka mingi, mpaka nikawa hodari.

Chuo sikurudi. Nilihamia Kolwezi kwa yaya, dada yangu mkubwa, aliyekuwa akiuza samaki wakavu katika soko la Manika. Yeye alijua kila kitu, na hakunificha kwa wateja wake wala hakunitangaza. Kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nilipata kazi kwenye komini, ofisi ya serikali ya mji, katika biro ya kuandikisha vizazi. Wazazi walikuja na karatasi ya maternite, wodi ya uzazi, na mashahidi wawili, wengi wakiwa na udongo mwekundu wa migodi mpaka magotini, nami niliandika kwa kalamu jina la mtoto, la baba, la mama, siku na mahali. Niliipenda kazi ile. Watu walinijua sokoni, wakaniita mama wa vizazi, ingawa sikuwa na mtoto.

Mume wangu nilimpata palepale. Alikuwa fundi wa umeme kwenye bwawa la Nzilo, akaja kulalamika kwamba cheti chake kilikuwa na kosa katika mwaka wa kuzaliwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono safi kuliko mafundi wote niliowahi kuona. Alipoomba kunioa, nilimwita tukae nyuma ya nyumba ya yaya, nikamweleza habari ya Lubumbashi tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na magari. Alikwaruza udongo kwa kijiti.

“Paka sisi babili tujue,” akasema mwishowe, yaani sisi wawili tu. “Mama yangu asisikie.”

Niliona ni mapenzi. Hata leo, pamoja na uchungu wote nilio nao, sisemi hayakuwa mapenzi. Lakini tulijenga nyumba juu ya sentensi ile.

Mama yake aliishi nasi katika kiwanja kimoja. Alikuwa mwanamke mkali, msafi, aliyefungua kila kabati kana kwamba ni lake. Kwa hiyo mume wangu aliniletea chupa tupu ya vitamini kutoka farmasi, nikahamishia humo vidonge vyangu vya kichwa. Mama mkwe alipoiona mezani aliuliza, naye akamjibu kwamba mimi nina upungufu wa damu, nakunywa vitamini. Kuanzia siku ile hata sisi wenyewe tulikiita hivyo. “Umekunywa vitamini?” aliniuliza kila alipopiga simu kutoka Nzilo, maana wiki nzima alikuwa huko, akirudi Jumamosi.

Mwaka wa pili wa ndoa mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne. Ya pili ilifika miezi sita. Alikuwa msichana, nilimwona. Walimfunga katika kitambaa cha kijani cha hospitali na mume wangu akamchukua.

Baada ya hapo vidole vyangu vilianza kuvimba. Asubuhi sikuweza kukunja mkono, na kalamu niliishika kama mtu anayeshika mwiko. Walinitibu malaria, wakanitibu tifoidi, wakanipa sindano za baridi yabisi. Nywele zilidondoka kwenye mto. Kisha uso: wekundu ulipanda kwenye mashavu yote mawili na kukutana juu ya pua, na kila nilipotembea juani uliwaka zaidi. Kolwezi haina kivuli kingi. Nilianza kutembea na mwavuli wakati wa kiangazi, watu wa moto, zile pikipiki za kubeba abiria, wakanicheka wakiniuliza kama mbinguni kwangu mvua imeanza.

Wenzangu wa biro walikuwa na jibu lao tayari.

“Mama, acha ile mafuta,” mmoja aliniambia, mwanamke niliyekula naye mchana kila siku. “Inakuharibisha sura. Ngozi yako ilikuwa muzuri.”

Walidhani najichubua. Nilimwambia sijichubui, akatabasamu, akageukia rafiki yake. Mama mkwe alisema ni damu mbaya inayokula mimba. Wengine walisema ni mavumbi ya migodi, na kwa hilo sikuwa na la kuwabishia, maana tunaishi ndani yake.

Daktari aliyeupata ugonjwa alikuwa kijana aliyehamia kutoka Kinshasa, mwenye haraka na akili nyingi. Alinitazama usoni, akanishika vidole, akaniuliza habari za mimba, akapeleka damu yangu Lubumbashi. Majibu yalipokuja alituita wote wawili, mimi na mume wangu, akasema ni lupus. Mwili, alieleza, unajipiga wenyewe: ngozi, viungo, figo. Mimba pia. Hauponi, alisema, ila unatunzwa. Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimepewa sentensi ileile mara ya pili.

Aliniandikia dawa mbili. Ya kwanza prednisoni, ya kuutuliza mwili haraka. Ya pili hidroksiklorokini, ndugu wa ile dawa chungu ya malaria ya zamani, ya kunywa miaka yote. Alikuwa amekwisha kusimama, ameshika mlango kwa sababu kuna mgonjwa mwingine alikuwa akingoja, alipouliza:

“Kuko dawa ingine uko nakunywa, mama?”

Nilifungua mdomo. Mume wangu alinitangulia.

“Hapana, dokta. Paka vitamini.”

Daktari akanitazama mimi. Nami nikaitikia kwa kichwa. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu. Nyuma ya mlango kulikuwa na foleni ya watu, na mama mmoja wa kanisani kwetu alikuwa amekaa benchi la kwanza. Nikaitikia kwa kichwa, daktari akaandika kitu, tukatoka.

Wiki ya kwanza nilipata nafuu kidogo, kisha maumivu yakarudi. Nilirudi hospitali. Daktari alishangaa, akapandisha prednisoni. Baada ya mwezi nilirudi tena, mkojo una povu, miguu imevimba, vidole kama soseji. Safari hii hakushangaa, alikasirika.

“Unakunywa dawa kweli?” akauliza.

“Nakunywa.”

“Kila siku?”

“Kila siku, dokta.”

“Dose hii, muntu anapaswa kuwa ametembea. Weye uko nalia bado na vidole.” Alikunja uso. “Musinidanganye. Bantu banapewa dawa hapa, banaenda kuziweka kwa kabati, banaenda kwa bapasta.”

Nilikunywa kila kidonge alichonipa, na alipopandisha mara ya pili nikakinywa hicho pia. Nilirudi nyumbani kwa moto nikiwa na hasira ya mtu aliyeitwa mwongo kwa jambo la kweli, huku jambo lililokuwa uongo likiwa limekaa kwenye chupa mezani.

Uso wangu ulikuwa wa mviringo kama sahani. Vidonge vilikuwa vingi, na mama mkwe alikuwa akivihesabu kwa macho kila nilipokaa kula. Jumamosi moja alimwambia mwanawe mbele yangu kwamba tumbo linalojazwa dawa namna hii halitazaa kamwe. Mume wangu alinifuata chumbani.

“Tupunguze moja,” akasema. “Zile za munganga hatuwezi kugusa. Lakini vitamini… miaka mingapi haujaguswa na ile mambo? Labda ilishapita.”

Sikumkatalia. Nilikuwa nimechoka kumeza, na nilitaka sana aliyosema yawe kweli. Chupa niliisukuma nyuma ya kabati.

Wiki tatu hivi zilipita. Maumivu yakaanza kuondoka, kwanza magotini, kisha mikononi, na asubuhi moja nikakunja ngumi na kuikunjua mbele ya kioo kama mtoto. Nilimshukuru Mungu. Nilifua mapazia yote. Nilipika bukari, ugali wetu, ya watu kumi tukiwa watatu. Kazini nilimaliza vitabu viwili vya mafaili ya nyuma ambayo hakuna aliyeniomba. Sikuhitaji kulala, na sikuona kwamba sihitaji kulala. Niliona tu kwamba siku zimekuwa ndefu na nzuri. Mama mkwe alifurahi. Alisema maombi yamesikika.

Kitu nilichokifanya katika wiki ile sijawahi kukiandika popote, na walionitazama nikikifanya waliona mwanamke anayefanya kazi kwa bidii. Nilifungua rejista ya vizazi, nikaandika watoto wangu wawili. Wa kwanza nilimpa jina la mvulana, ingawa sikujua alikuwa nini. Wa pili nilimpa jina la nyanya yangu. Baba: mume wangu, fundi umeme. Mama: mimi, karani. Tarehe zilikuwa zile ambazo wangezaliwa kama wangefika. Mashahidi niliwaandika babu na nyanya, waliokufa zamani, na nikatia sahihi zao kwa mwandiko wao. Mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri vile.

Mkuu wangu aliziona kurasa hizo alipokuwa akitia sahihi za mwisho. Aliniita biroini kwake, mlango ukiwa wazi.

“Mama, hii ni nini?”

“Ni batoto bangu, tata. Nilikawia kubaandikisha.”

“Weye uko na batoto?”

“Babili.”

“Beko wapi?”

“Beko kwa nyumba. Banalala.”

Nilisema kwa furaha, nikamwalika aje awaone. Akainua simu. Mume wangu alifika kutoka Nzilo mchana, na viatu vya kazi. Biro nzima ilikuwa imesimama. Mkuu akamwonyesha ukurasa na kumuuliza kama ana watoto.

“Hapana,” akasema mume wangu. “Hatuna batoto.”

Nilimpiga kofi. Nilimwita muuaji, nikaeleza mbele ya watu wote jinsi alivyombeba msichana wangu katika kitambaa cha kijani na kwenda kumtupa. Yule mwanamke niliyekula naye mchana alikuwa wa kwanza kunishika mikono, na sijui hata leo kama alinishika kwa huruma.

Wakati ule mume wangu bado angeweza kunipeleka hospitali. Hospitali ilikuwa dakika kumi kutoka pale. Lakini hospitali ingeuliza, na mama mkwe alikuwa amekwisha kuelezwa na mji mzima kwamba mkwewe amepagawa. Akasema mahali pangu ni kwenye nyumba ya maombi ya mchungaji mmoja, pembeni mwa mji, kwenye njia ya malori. Mume wangu alinipeleka mwenyewe. Getini waliniambia dawa zote zibaki nje, kwa sababu mtu hawezi kunywa kutoka vikombe viwili. Mume wangu alizichukua mfuko mzima, akarudi nazo nyumbani.

Sikujua, wala yeye hakujua, kwamba prednisoni ya kiasi kile haikatwi siku moja. Mwili ukishazoea kupewa, unasahau kujitengenezea wenyewe. Siku ya pili nilianza kutapika. Siku ya tatu sikuweza kusimama, na wanaoomba wakasema roho chafu imechoka, inakaribia kutoka. Nilikuwa nimelala mkekani nikiwasikia wakishangilia udhaifu wangu.

Yaya alikuja siku ya nne, asubuhi. Walimkataza kuingia, akaingia. Aliniambia baadaye kwamba miguu yangu ilikuwa baridi kama samaki anaouza. Alinitoa nje kwa mikono yake, akasimamisha moto, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia na kitenge kimetufunga wote wawili, tukaenda hospitali hivyo, vumbi la malori likituingia mdomoni.

Walinitia sindano na maji ya mshipa, na mchana presha yangu, iliyokuwa imeshuka sana, ikapanda. Muuguzi wa zamu alikuwa mzee aliyekaribia pensheni, mtu wa maneno machache. Alimwambia yaya:

“Mama, niletee dawa zake zote. Za munganga, za soko, za kufichwa. Zote.”

Yaya alikwenda nyumbani kwangu. Mama mkwe alimzuia mlangoni, lakini yaya ni mkubwa wa mwili na hakuwa na muda. Alirudi na mfuko. Mzee yule alizipanga kitandani, pembeni mwa miguu yangu, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye chupa ya vitamini aliifungua, akamimina vidonge viganjani, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Hii haiko vitamini,” akasema.

“Haiko,” yaya akajibu. “Ni ya kichwa. Alikuwa nakunywa tangu chuo. Banaiachisha mwezi uliopita.”

Muuguzi alikwenda kumwita daktari.

Daktari alipoziona alikaa kwenye kitanda. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa. Mume wangu alikuwa amefika, amesimama ukutani. Nilikuwa nasikia kila kitu, ingawa mawazo yangu yalikuwa yakienda mbio na ulimi ulikuwa mzito kwa dawa ya usingizi waliyonipa.

“Juu ya nini hamukuniambia?” daktari akauliza.

“Karbamazepini inachangamusha maini,” akasema, polepole, kama anajieleza mwenyewe. “Maini inamaliza prednisoni mbio, mbele ifike kwenye inapaswa kufika. Mi nilikuwa nakupa sahani nzima, weye ulikuwa nakula nusu. Mi nikasema hautumii. Nikapandisha, nikapandisha tena. Halafu mukaachisha hii. Maini ikatulia. Sasa ile yote nilipandisha ikakuingia nzima. Prednisoni nyingi inaweza kurusha kichwa ya muntu muzima, sembuse yako. Na dawa yenye ilikuwa nakamata kichwa, mulishaitoa.”

“Tulisema ni vitamini,” mume wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Ndiyo. Mulisema.” Daktari aliifunga chupa. “Na mi niliuliza mara moja, nikiwa kwa mulango.”

Alilisema hilo, na ninamhesabia. Ni yeye peke yake katika habari hii yote aliyetaja sehemu yake bila kulazimishwa. Lakini neno lile halikunirudishia chochote.

Alimpigia simu daktari wangu wa Lubumbashi, yule mwenye sauti ya chini, ambaye bado alikuwepo. Walizungumza Kifaransa karibu nusu saa, hapo karibu na kitanda changu, wakiitana mwenzangu. Nilifikiri: miaka yote hii walikuwa umbali wa simu moja. Sindano ya kawaida ya kutuliza wendawazimu, ile inayokaa kwenye kabati la hospitali, yule mama alimkataza kunidunga kabla ya kupima moyo, maana hiyo na hidroksiklorokini, zote mbili, zinaweza kuvuruga mapigo. Mashine ya moyo ilikuwepo, karatasi yake haikuwepo. Yaya alinipeleka kwenye kliniki nyingine kwa kiti cha magurudumu cha kuazima, tukarudi na karatasi yenye mistari. Lithiamu, dawa nyingine ya kichwa, pia aliikataa, kwa sababu figo zilikuwa zimeshaguswa. Mwishowe walichagua olanzapini kwa kiasi kidogo, kipimo cha moyo kirudiwe, prednisoni ishushwe hatua kwa hatua.

Nilipopata akili nilimuuliza swali moja kwa simu, yule mama wa Lubumbashi. Nilikuwa nimesikia wauguzi wakisema kwamba kuna dawa za kichwa zinazoweza kuamsha lupus kwa mtu. Je, kidonge changu ndicho kilichoniletea?

“Inaweza kutokea, lakini mara chache,” akasema. “Na mara nyingi, dawa ikiachwa, ugonjwa nao unaondoka. Wako haukuondoka, na umefika kwenye figo. Naona ni wako mwenyewe. Lakini siwezi kukuapia.”

Nilimshukuru. Nikakata simu, nikakaa na hilo. Watoto wangu wawili wamo ndani ya ile “siwezi kukuapia”.

Komini haikunishtaki. Mkuu alipiga mstari mwekundu juu ya kurasa mbili, akaandika pembeni kwamba ni batili, akatia muhuri. Kisha ikaja barua, kwa Kifaransa kizuri, ikisema kwamba hali ya afya yangu hailingani na kushika vitabu vya serikali. Nilipeleka cheti cha daktari kinachoeleza kwamba yaliyotokea yalitokana na mchanganyiko wa dawa na kwamba sasa nimetulia. Walikipokea, wakaniandikia risiti. Mahali pangu walimweka yule mwanamke niliyekula naye mchana. Mwandiko wake ni mbaya.

Mume wangu alikaa nami miezi mitano baada ya hapo. Alinitunza vizuri, nasema kwa haki. Alipanga vidonge vyangu katika kisanduku chenye siku za wiki, akaandika kila kimoja jina lake la kweli. Lakini mama yake hakula tena chakula nilichokigusa, na mume wangu akaanza kukaa Nzilo Jumamosi pia, akisema mitambo ina matatizo. Siku moja yaya alikuja na pikapu, tukapakia vitu vyangu. Hakuna aliyegombana.

Sasa nakaa kwa yaya. Olanzapini imeninenepesha, prednisoni imekula mfupa wa nyonga ya kushoto, natembea na fimbo. Figo zinashikilia. Kichwa kimetulia, kwa bei hiyo. Asubuhi nawaandikia watu barua na maombi chini ya veranda, kwenye kivuli. Vijana wa machimbo ndio wateja wangu wengi, wanataka barua za kupeleka kwa wazazi wao Kasai na Kivu, na hawaniulizi chochote juu ya uso wangu. Nikienda hospitali, kabla sijaketi, naitaja orodha yangu ya dawa kwa sauti, zote, na za kichwa kwanza. Watu wa benchi wanageuka. Wageuke.

Mwezi uliopita nilikutana na mume wangu kwenye korido ya hospitali. Alikuwa amekaa akingoja kupimwa presha, amepungua, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Nilisikia zamani kwamba ana mke mwingine na mtoto wa kiume. Nilikaa karibu naye kwa sababu nyonga ilikuwa inauma na hapakuwa na nafasi nyingine.

“Uko aje?” akaniuliza.

“Niko.”

“Mama alikufa.”

“Nilisikia. Pole.”

Mtoto wa mtu alikuwa analia katika chumba cha sindano.

“Mi nilikuwa nakulinda,” akasema. “Mpaka lelo minaona ni vile.”

“Ulikuwa nalinda jina yenu.”

Hakukataa. Alizungusha kadi yake ya hospitali vidoleni, vidole vilevile visafi.

“Na weye?” akasema. “Munganga alikuangalia weye. Juu ya nini haukusema?”

Nilikuwa na majibu mengi ya swali hilo, nimeyatengeneza miaka yote, na karibu yote yanaanza na jina lake.

“Niliogopa utaniacha,” nikasema.

Aliinamisha kichwa. Muuguzi akafungua mlango, akamwita, naye akasimama, akaniaga kwa heshima kama mtu anavyomuaga mama wa mwenzake, akaingia. Mimi nilingoja dirisha la dawa lifunguliwe, nikachukua vidonge vyangu vya mwezi, nikatoka nje kutafuta moto yenye kiti kipana.